Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chikungunya ilijulikana Newala, na ipimwe Newala

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Salaam kutoka Newala, Mheshimiwa. Mimi ni mtoa dawa. Nina duka la dawa muhimu hapa mjini, na wateja wangu wengi ni wakulima wa korosho na familia zao. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba si cha kwangu peke yangu. Naomba homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, ianze kupimwa Mtwara na Lindi, kwa utaratibu unaoeleweka, mwaka mzima, na majibu yarudi kwa mgonjwa na kwa mganga aliyemtibu.

Kwa nini nianzie kwenye chikungunya, wakati kusini tuna shida lukuki? Kwa sababu ugonjwa huu dunia iliujulia kwetu. Mwaka 1952 hadi 1953 homa isiyofahamika ilizuka kwenye uwanda wa Makonde, katika lililokuwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Watu walikuwa wakipatwa ghafla, homa inapanda, viungo vinakaza, mtu mwenye nguvu zake anashindwa kunyanyuka kitandani. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. W.H.R. Lumsden alichunguza namna ugonjwa ulivyosambaa vijijini. Sampuli za damu na za mbu zilipelekwa hadi Entebbe, Uganda, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki, na huko R.W. Ross akafanikiwa kukitenga kirusi chenyewe. Ripoti za Robinson na Lumsden zilichapishwa mwaka 1955, ya Ross mwaka 1956, na kwenye kichwa cha ripoti yake Ross aliuita kwa jina la mahali: mlipuko wa Newala. Hata jina la ugonjwa linaloandikwa leo kwenye mafaili ya hospitali za Brazil na India wamelichukua kwenye Kimakonde. Na kirusi kilichotoka kwenye damu ya mgonjwa wa wakati ule, kinachojulikana maabarani kama S27, kimetumika kwa miongo mingi kulinganishia virusi vya chikungunya vinavyopatikana kwingineko.

Fikiria, Mheshimiwa, barabara za Jimbo la Kusini miaka ile zilikuwaje. Pamoja na hayo, damu ilitoka kijijini Makonde ikafika Entebbe, ikapimwa, na jibu likapatikana. Leo tuna lami kutoka Mtwara hadi Masasi, tuna simu kila mfuko, na mgonjwa wa homa na viungo akienda kwenye zahanati ninazozijua mimi hapa wilayani, hakuna anayeweza kumpima ugonjwa huu. Hilo ndilo linaloniumiza.

Nieleze ninachokiona dukani. Masika yakishachanganya, huja watu wazima wanaotembea kama waliopigwa. Mama mmoja, mkulima, umri kama wa miaka hamsini hivi, alifika akiwa ameshika ukuta wa baraza. Fedha zake alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga, kama mama zetu wanavyofanya. Akajaribu kulifungua fundo, vidole vikagoma. Vilikuwa vimevimba kwenye maungio, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Akaninyooshea pindo: "Nifungulie mwanangu, vidole havishiki." Kwenye karatasi yake alikuwa amepimwa malaria, hana. Ameandikiwa UTI, dawa za kuua bakteria, na diklofenaki ya maumivu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mkojo wake hauna tatizo lolote, hata kumuuma haumuumi. "Mikono ndiyo inayoniua. Nitapalilia na nini?"

Sikumlaumu aliyemwandikia, na silaumu sasa. Mtoa huduma wa zahanati ana kipimo cha haraka cha malaria, na pengine cha mkojo. Mgonjwa yuko mbele yake, ametoka mbali, anataka dawa. Malaria ikikataa, kinachobaki ni UTI au homa ya matumbo, kwa sababu ndiyo majina yaliyopo. Hivi ndivyo kusini nzima inavyougua: ama malaria, ama UTI, ama taifodi.

Lakini dawa niliyomfungia mama yule inanikosesha amani mpaka leo. Mwongozo wa tiba uko wazi. Mtu mwenye homa inayofanana na chikungunya atibiwe kwa parasetamo, maji ya kutosha na mapumziko, na asipewe asprini wala dawa za jamii ya diklofenaki mpaka ithibitike kwamba hana dengi, kwa sababu dengi inaweza kuleta kutoka damu na dawa hizo huongeza hatari hiyo. Dengi na chikungunya hubebwa na mbu yuleyule na dalili zake za mwanzo zinakaribiana sana. Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi mwaka 2010, 2014 na 2019, na mabasi ya Dar yanaingia Newala kila siku. Mimi nauza diklofenaki kwa cheti kilichoandikwa bila kipimo. Maduka yote ya dawa yanauza hivyohivyo. Bila kipimo, tufanyeje?

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi Newala kuna mlipuko wa chikungunya. Ninachosema ni kwamba hata ungekuwepo, tusingeujua mpaka uwe mkubwa sana.

Na si dhana ya muuza dawa tu. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 528 kati yao walikuwa wametajiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Na kati ya waliopimwa chikungunya, karibu 8 katika kila 100 walikutwa nayo, Moshi huko, mbali kabisa na Makonde. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mwingine wa watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara: wenye malaria walikuwa kama 10 katika kila 100, na walio wengi walikuwa na maambukizi ya virusi. Naijua tofauti yetu na Moshi. Mtwara na Lindi malaria ipo, ni nyingi, na mtoto mwenye homa lazima apimwe malaria kwanza. Asitokee mtu akaitumia barua yangu kupuuza hilo. Swali langu ni la yule ambaye kipimo chake cha malaria kimesema hapana. Huyo tunamrudisha nyumbani na jina la kubahatisha.

Tena kusini tuna ushahidi wa karibu kabisa kwamba tukipima, tunajua. Julai 2022, kule Ruangwa, watu waliokuwa wakitibiwa zahanati ya Mbekenyera walipata homa, kichwa, uchovu na kutoka damu puani. Hofu ilitanda, mitandaoni watu wakaanza kutaja Ebola. Wizara yako ilituma wataalamu, sampuli zikachukuliwa, Ebola, Marburg na Uviko-19 vikaondolewa, na tarehe 18 mwezi huohuo ikatangazwa kwamba ni homa ya mgunda, yaani leptospirosis, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walishafariki. Lakini jibu lilipopatikana, waganga walijua dawa ya kutoa na wananchi walijua cha kuepuka. Mlifanya kazi nzuri, na mimi nilijivunia kuona inafanyika Lindi. Ninachoomba ni kwamba tusisubiri mtu atoke damu puani ndipo sampuli zichukuliwe. Chikungunya haiogopeshi namna ile, kwa kawaida haiui, na ndiyo maana inapita kimya. Inamwacha mtu hai na viungo visivyofanya kazi, kwa wengine wiki mbili, kwa wengine miezi, na wapo wanaoumwa miaka. Kwa wazee wenye maradhi mengine na kwa mtoto mchanga aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa, inaweza kuwa mbaya kweli. Kwa mkulima wa korosho, mikono ikigoma wakati wa kupulizia salfa au wakati wa kuokota, mwaka umekwenda. Hakuna takwimu ya wizara inayomhesabu mtu huyo.

Sasa kuhusu maji, maana hapa ndipo Makonde inapotofautiana na sehemu nyingine, na nakuomba univumilie kidogo.

Uwanda wetu hauna mito wala chemchemi za karibu. Maji ya bomba yanapandishwa kutoka bondeni, Mitema, na miaka nenda rudi hayatoshi. Kila nyumba inahifadhi. Kuna visima vya kuvunia maji ya mvua uani, kuna mapipa, simtanki, mitungi, madumu yaliyokatwa vichwa. Nyumba isiyo na maji ya akiba Newala ni nyumba yenye shida. Na mbu wa chikungunya, aina ya Aedes, anachokitafuta ni hichohicho: maji safi yaliyotulia kwenye chombo karibu na watu. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yakikauka hayafi upesi. Yanaweza kukaa miezi, na maji yakipanda tena yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima chombo kisuguliwe ndani kwa brashi.

Mbu huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Kusini ndiko ulikoanzia mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule mwaka 2013, Lindi, Mtwara na Ruvuma, na vyandarua vile vimeokoa watoto wengi dhidi ya malaria. Lakini mama anayechota maji kwenye kisima saa moja asubuhi chandarua hakimfikii. Maofisa afya wetu huhimiza watu kufyeka majani na kufukia madimbwi. Kwa Aedes, dimbwi la barabarani si tatizo kubwa kama pipa la jikoni. Ujumbe wa pipa sijausikia ukihubiriwa kwa nguvu ileile.

Na ukihubiriwa, uhubiriwe na mtu anayeijua Makonde. Huwezi kumwambia mama aliyelipia dumu la maji kwamba ayamwage kila wiki. Atakuangalia tu. Mwambie afunike kwa kitambaa kilichofumwa vizuri na kukifunga kamba shingoni mwa chombo, asugue kila chombo kinapoisha maji, kisima kiwe na mfuniko usiopitisha mbu na bomba la paa liwekewe wavu. Kibaha tuna kiwanda kinachotengeneza viuadudu vya kibayolojia vya kuua viluwiluwi, mali ya umma. Je, wataalamu wako wanaweza kutueleza ni ipi kati ya dawa hizo inafaa kwenye maji ya kisima cha nyumbani na itumike kwa kipimo gani? Swali hili wateja wananiuliza mimi. Na ukimkuta Waziri wa Maji kwenye kikao, mkumbushe kwamba bomba likitoa maji kila siku Newala na Tandahimba, mapipa yatapungua yenyewe.

Huko nje, wakati sisi tumenyamaza, ugonjwa huu umezunguka dunia. Mwaka 2004 ulilipuka Lamu, jirani zetu kabisa wa pwani. Ukashuka Komoro, ukafika kisiwa cha Réunion ambako mwaka 2005 hadi 2006 waliugua watu wapatao 266,000, theluthi ya wakazi wote. Ukaingia India kwa mamilioni, na mwishoni mwa 2013 visiwa vya Karibi. Mwaka 2025 umerudi Réunion, wagonjwa zaidi ya 50,000, na umefika mpaka mji wa Foshan nchini China. Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kwamba watu bilioni 5.6 katika nchi 119 wanaishi kwenye maeneo ambako kirusi hiki kinaweza kuwafikia.

Chanjo nazo zimekuja. Ya kwanza, Ixchiq, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Ya pili, Vimkunya, Februari 2025. Mwanzoni zimelengwa zaidi kwa wasafiri. Mtalii anayepanga kuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani anaweza kumuuliza daktari wake kuhusu chanjo ya ugonjwa uliotambuliwa Newala. Mkazi wa Newala hata kupimwa hawezi. Nimeiandika sentensi hii mara nyingi nikaifuta, nikiogopa itaonekana ya kulalamika. Nimeiacha kwa sababu ni kweli.

Hata hivyo sikuombi ulete chanjo kesho. Ixchiq imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na Mei 2025 Ulaya walisimamisha kwa muda matumizi yake kwa wenye miaka 65 na kuendelea baada ya wazee kupata madhara makubwa. Julai wakaondoa zuio hilo kwa masharti. Agosti Marekani wakasitisha leseni yake kabisa. Mambo bado yanachunguzwa, na wazee wetu wasigeuzwe watu wa kujaribia. Lakini Brazil, ambayo imeumia sana na ugonjwa huu, haikukaa pembeni: taasisi yao ya umma ya Butantan imeshirikiana na watengenezaji tangu mapema. Nchi inayotaka kukaa kwenye meza hiyo huulizwa kwanza, una wagonjwa wangapi, wa umri gani, wapi, msimu gani? Sisi tutajibu nini? Tutataja wa mwaka 1953?

Kuna kazi moja ya utafiti ambayo naamini Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu inaweza kuifanya huku na ikatufaa sana. Mtu akishaugua chikungunya, kingamwili hubaki kwenye damu yake miaka mingi. Aliyeugua utotoni wakati wa mlipuko wa Newala leo ana zaidi ya miaka 70. Ukichukua damu za watu wa rika zote, Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, ukakuta wazee tu ndio wenye kingamwili, utajua kirusi kiliondoka, na kwamba vijana wetu wote hawana kinga, kikirudi kitatuzoa kama kilivyowazoa wa Réunion. Ukikuta na watoto wa shule wanazo, utajua kimekuwa nasi siku zote na tumekuwa tukikiita UTI. Kila jibu lina kazi yake. Wataalamu watakukumbusha, na ni haki yao, kwamba kirusi hiki kina ndugu yake, o'nyong-nyong, aliyezuka Uganda mwaka 1959 akafika mpaka Tanzania, na kingamwili zake huchanganya vipimo vya kawaida; basi zitumike mbinu za maabara zinazowatofautisha. Na wazee wa mwaka 1953 hawatusubiri. Kila mwaka tunawazika.

Utaratibu wa kupima wenyewe naona hivi. Zichaguliwe zahanati na vituo vya afya vichache katika mikoa miwili, Ruangwa ikiwemo kwa yaliyoipata. Kila wiki, wagonjwa kadhaa wenye homa na maumivu ya viungo ambao malaria imekataa watolewe damu. Wale walio ndani ya wiki ya kwanza wapimwe kirusi kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, waliochelewa wapimwe kingamwili, na wote wapimwe dengi pia. Makohozi ya kifua kikuu tayari yanasafirishwa kutoka vituo vya vijijini kwenda kwenye mashine, kwa hiyo njia ya kusafirisha sampuli si ngeni. Kwa kuanzia zipelekwe Maabara ya Taifa Dar es Salaam. Lakini tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, jengo tunalojivunia, na lengo liwe kazi hii ifanyike pale, na vijana wa maabara wa kusini wafundishwe kuifanya. Damu ya Newala imeshasafiri vya kutosha.

Jambo la majibu kurudi naomba lisichukuliwe kuwa dogo. Watafiti wamekuja kusini miaka mingi, wametutoboa vidole, wametuuliza maswali majumbani, wakaondoka. Watu wetu ni wavumilivu na wakarimu, hawakuwahi kukataa. Lakini ukimuuliza mzee wa hapa waligundua nini, hajui. Majibu yabandikwe zahanati, kwa Kiswahili, na mganga mfawidhi ayasome kwenye mkutano wa kijiji.

Ninaomba jibu lako kabla mvua za Desemba hazijaanza, maana visima vikijaa na mbu wanaanza. Kwa upande wangu nimeshafungua daftari dukani: tarehe, umri, kijiji, jibu la malaria, viungo vinavyouma, dawa alizoandikiwa, jina la mgonjwa siandiki. Wenzangu wa maduka mengine mawili hapa mjini wamekubali kufanya vivyo hivyo. Tuelekezwe tu daftari hizi tuwe tunazipeleka kwa nani, na kila baada ya muda gani.

Wako katika kazi,
Mtoa dawa, duka la dawa muhimu,
Newala, Mtwara.

Nakala: Mganga Mkuu wa Serikali, Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Mganga Mkuu wa Wilaya ya Newala.